Barua kwa mwanangu: umeisoma hadithi yenyewe?

Ngamiani, Tanga
Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Wabaadu, sisi huku hatujambo. Mama yako hajambo, mdogo wako hajambo ila kikohozi, na bibi wa nyumba ya pili kila akiniona anauliza msomi wetu atarudi lini.

Habari ya sapu, huo mtihani wako wa kurudia, nimeipata kwa shangazi yako. Sikuipata kwako. Alikuja Jumapili na machungwa ya Muheza, akakaa, akanywa chai yake, halafu akaniambia, "Kaka, usijali sana, sapu siku hizi ni jambo la kawaida." Nikamtazama. Alipoona namtazama akajua kwamba mwenye mtoto hana habari. Nikasema, "Ndiyo, tumeshazungumza naye." Basi umenitia uongo mdomoni mbele ya dada yangu, uzee huu. Sikuandikii kukugombeza. Naona nimeshaanza, lakini siyo nia.

Kwenye simu ukiulizwa unajibu "sawa baba, sawa baba" mpaka salio linakata. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Shaaban Robert alimwandikia binti yake utenzi mzima wa Hati. Mimi nina daftari la mdogo wako lenye kurasa zilizobaki, utavumilia.

Lile faili lako la bluu uliliacha juu ya kabati. Likizo ulikuja kama wale wa waja leo waondoka leo, hata vitu vyako hukuwahi kupanga. Mama yako alikuwa ameshaanza kuchomoa karatasi za kufungia vitumbua, nikamwahi. Ndani nikakuta asaimenti yako, kurasa tano, na chini yake hadithi uliyopewa kuihakiki, kurasa mbili na nusu tu. Ile ya Kate Chopin, Mmarekani, ya mwaka 1894, ya mwanamke mgonjwa wa moyo anayeletewa habari kwamba mumewe kafa katika ajali ya treni. Insha yako nimeisoma mara mbili. Hadithi nimeisoma mara nne, kamusi pembeni. Sasa, karatasi za insha zimechakaa, zina madoa ya chai na kona zimekunjamana. Karatasi za hadithi zilikuwa nyeupe pe, hata pale kwenye pini hazijawahi kukunjwa.

Ndiyo nakuuliza, mwanangu: umeisoma hadithi yenyewe?

Kiingereza chako kimenyooka, hilo sikunyimi. Jioni niliisoma insha barazani kwa sauti. Wazee wakaziacha kete za bao, wakatikisa vichwa, hakuna aliyeambulia kitu, na mimi nikarudi ndani kifua mbele. Mzee mmoja akasema, "Mtoto wako anaandika kama gavana." Nimefurahi siku mbili.

Lakini neno la mfumodume nimelihesabu kwa penseli. Umelitumia mara 14. Dirisha hukulitaja hata mara moja, na hadithi ile, mwanangu, nusu yake ni dirisha. Yule mwanamke anapanda chumbani, anafunga mlango, anakaa kwenye kiti kilichoelekea dirisha wazi. Nje kuna vilele vya miti, harufu ya mvua, mchuuzi barabarani anaita wateja, mtu anaimba mbali, shomoro wanapiga kelele chini ya mapaa, na mawingu yameachia vipande vya bluu. Ndani ni msiba, nje watu wanaendelea na shughuli zao. Kisha kuna kitu kinamjia kutoka huko nje, anakiogopa, anajaribu kukisukuma, na kinapomshinda neno linamtoka midomoni: huru. Wewe umeandika "mhusika anapata ukombozi". Kaupata wapi? Kwa mlango gani? Mwalimu wako ameandika pembeni, kwa wino mwekundu, mara nne: "Wapi katika hadithi?" Mara ya kwanza nilidhani anakuonea. Nilipomaliza kusoma nikaona amekuhurumia.

Tazama na majina. Mumewe anatajwa kwa jina lake tangu mwanzo. Yeye mwenyewe ni Bibi Mallard, jina la mume, ukurasa baada ya ukurasa, na jina lake la kuzaliwa hulisikii. Unalisikia pale tu ambapo ameshajinong'oneza kuwa huru, dada yake anamwita kupitia tundu la kufuli: Louise. Hilo nililiona mara ya tatu, saa nne usiku, nikamwamsha mama yako kumwambia. Hakupendezwa.

Na tena umemtaja Richards wa Cambridge, yule mhakiki, mara tatu, na hukujua kwamba ndani ya hadithi kuna Richards mwingine, rafiki wa mume, ndiye aliyekuwa ofisini kwa gazeti telegramu ilipofika. Ungeisoma usingekosa kumwekea mwalimu alama, huyu Richards yupi. Huyo wa hadithini alisubiri telegramu ya pili ahakikishe kwanza, ndipo akaenda kwa mjane. Shangazi yako hakusubiri.

Jumatatu nilimsimulia mama yako hadithi hiyo kwa Kiswahili. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi ya pili. Nilipofika pale mwanamke anapojisemea kuwa huru, mkono ukasimama, nusu ya kifuu imeng'ang'ania kwenye meno ya mbuzi. Akauliza, "Huyo mume alikuwa anampiga?" Nikamwambia hapana, hadithi inasema alikuwa mpole, hajawahi kumtazama ila kwa mapenzi. Akasema, "Basi hapo ndipo." Akaendelea kukuna. Nikangoja aongeze neno, akaniagiza nilete kifumbu.

Sikumuuliza zaidi. Miaka 31 ya ndoa mtu anajifunza pa kuulizia. Lakini hilo "basi hapo ndipo" limo katika hadithi, ukurasa wa pili, pale anapowaza utashi wa mtu mmoja unaoukunja utashi wa mwenziwe, kwa wema au kwa ubaya, na kwamba nia njema hailipunguzii jambo hilo uzito. Mama yako hakusoma nadharia yoyote ya ufeministi. Wewe umesoma tatu, na sentensi hiyo haimo kwenye insha yako.

Usidhani nazidharau nadharia. Daftari lako la mihadhara nimelipitia lote na nimefaidi, hasa palipoandikwa kwa mwandiko unaosomeka. Huyo Richards wa Cambridge, katika kitabu chake cha 1929, aliwapa wanafunzi mashairi bila majina ya washairi, akawaambia waandike wanachokiona. Wakababaika. Wengi hata maana ya wazi iliwapita, wakatoa majibu waliyokwisha kuyaweka akiba tangu nyumbani. Wanafunzi wa Cambridge hao! Nilicheka, halafu nikaitazama insha yako, sikucheka tena. Na Poe, yule mwandishi wa Marekani, wa 1842, uliyemnukuu kwenye aya ya kwanza, alisema hadithi ya namna hii isomwe kwa kikao kimoja ili kishindo chake kisivunjike. Umemnukuu mwenye kusema kikao kimoja, na kikao chenyewe hukukaa. Hadithi ile unaimaliza kabla maharage hayajachemka.

Nilipofika kwa yule mhakiki Mfaransa Barthes, wa 1967, uliandika kwa herufi kubwa MWANDISHI AMEKUFA. Nikashtuka, nikadhani kuna msiba chuoni. Baadaye nikaelewa anachotaka: tusiende kumwuliza mwandishi alimaanisha nini, tubaki na maandishi. Sawa. Sisi wetu, Shaaban Robert, kafa kweli, tangu 1962, kalala Machui hapo, na hatujaacha kumsoma. Lakini ukimwua mwandishi na hadithi yenyewe usiisome, unabaki na nani?

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sikuwa nataka kuliandika.

Unajua nilifundisha Kiswahili. Mwaka 1996, katika shule moja ya mkoa huu huu, nilikuwa na Kidato cha Nne. Kitabu teule kilikuwa nakala moja shule nzima, nayo ilikuwa kabatini kwa mtu na ufunguo anao yeye. Mimi nilikuwa na kijitabu cha mwongozo nilichonunua stendi. Nikafundisha muhula mzima kwa mwongozo ule: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, falsafa, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Ubao unajaa, wao wananakili, nafuta, unajaa tena. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, yule mzee mwishoni anakufa au anaondoka?" Mwongozo haukusema. Nikamtoa nje kwa kuvuruga darasa.

Walifaulu wengi mwaka ule, na nilipewa mkono wa pongezi.

Kijana huyo sasa ana duka la vipuri vya baiskeli barabara ya nane, na baiskeli yangu kama unavyoijua haipiti mwezi bila kudai kitu. Ananiamkia "Shikamoo mwalimu", nami naitika marahaba huku macho nimeyaelekeza kwenye mnyororo. Kitabu chenyewe nilikuja kukisoma nilipostaafu. Anaondoka.

Kwa hiyo madesa yenu hayo, notisi za kunakiliana mnazogawiana kwenye simu, nayajua kuliko mnavyofikiri. Nilikuwa kiwanda chake.

Sikiliza basi. Kabla ya sapu, kaa na hadithi moja, simu iweke mbali, soma bila kalamu mpaka mwisho. Kama kuna mahali umecheka au umeudhika, kumbuka ni wapi. Halafu rudia na kalamu. Jiulize anayesimulia ni nani na amesimama wapi. Ile ya Chopin msimulizi yuko nje, nafsi ya tatu, lakini tukishafunga mlango wa chumbani anakaa nasi ndani ya kichwa cha yule mwanamke, tunajua kila linalompita. Kisha mwishoni mume anaingia hai, na mkoba wake na mwamvuli, hata habari za ajali hana, na msimulizi anamtoka yule mwanamke ghafla. Hatumsikii tena. Anayezungumza ni nani? Madaktari, wanaosema amekufa kwa furaha, furaha iuayo. Sisi tuliokaa naye dirishani tunajua wamekosea, na hakuna mtu ndani ya nyumba ile anayejua isipokuwa sisi. Hapo ndipo kejeli ilipo, na wewe umeandika "mwandishi ametumia kejeli", ukaweka nukta, ukapita. Kejeli gani? Nani anamkejeli nani? Ukiishajibu hilo kwa maneno yako, walete hao wakina Barthes wakusaidie kubeba.

Ama ukiona huwezi, niambie mimi. Usimwambie shangazi. Na pesa ya kulipia sapu usimwombe yeye, nimeshajua umemwomba. Elfu arobaini nitakutumia Jumamosi nikitoka benki, usiigeuze bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu.

Bati la jikoni limetoboka tena upande wa kisima, maji yanaangukia penye sufuria za mama yako, naye anasema nimeliona tangu mfungo na sikufanya kitu. Ni kweli. Fundi anataka hela ya bati mbili wakati tundu ni moja. Nazi zimepanda bei na mnazi wetu wa uani umeshambuliwa na wadudu, nadhani tutaukata. Mdogo wako anataka viatu vya mpira, nimemwambia amalize kikohozi kwanza, ingawa mambo hayo hayahusiani.

Mzigo nitaukabidhi basi la saa kumi na mbili asubuhi kesho. Upokee Mbezi mwenyewe, usitume mtu, maana mara ya mwisho visheti vilifika nusu. Kuna machungwa kumi na mbili ya shangazi yako, ng'onda wa kukaanga, visheti, na chupa ya samli. Ndani ya kanga kuna faili lako. Insha nimeiandikia penseli pembeni, usikasirike, inafutika.

Hadithi yenyewe haimo. Nimebaki nayo, itabidi uchapishe nakala nyingine. Mama yako ameniambia nimsomee tena leo baada ya isha, pole pole, na nisiruke pale pa dirisha.

Chupa ya samli ukimaliza irudishe, si yetu.

Ni mimi baba yako