Doa la kwapani haliondoki kwa jiki wala kwa fedheha

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wengi huliona dogo mpaka siku linapowafika wenyewe, nalo ni madoa ya jasho kwenye nguo, hasa yale ya manjano yanayobaki kwapani mwa mashati na blauzi nyeupe hata baada ya kufuliwa. Nilikuwa mwalimu wa Sayansi Kimu, nikafundisha ufuaji na ushonaji kwa miaka mingi hapa Tanga, na hadi leo, nikiwa nimestaafu, majirani huniletea nguo zao zilizowashinda.

Mwezi uliopita binti wa jirani yangu, anayefanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja, alirudishwa nyumbani saa nne asubuhi kwa sababu shati lake la sare lilikuwa na duara la manjano chini ya kila mkono. Msimamizi wake alimwambia mbele ya wateja kwamba aende akaoge. Alikuja kwangu na shati lile mkononi, akaniamkia kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Mwalimu, hili shati nalifua kila siku usiku, nalitia jiki, nalipiga pasi. Nifanye nini tena?" Nililigeuza ndani nje nikalitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kitambaa cha kwapani kilikuwa kimekakamaa kama kilichotiwa wanga, rangi yake imeiva kuelekea kahawia, na nyuzi zilikuwa zimeanza kulika. Lilikuwa shati la mtu anayefua sana, na ni ufuaji huo huo, pamoja na alichokuwa akijipaka kila asubuhi, uliolifikisha pale. Jambo hilo ndilo ninalotaka wasomaji wako walijue.

Jasho lenyewe halina rangi. Sehemu kubwa ya mwili hutoa jasho ambalo karibu lote ni maji yenye chumvi kidogo, lakini kwapani kuna tezi za aina ya pili, zinazoanza kazi mtu anapobalehe, ambazo hutoa majimaji mazito zaidi yenye protini na mafuta. Hata hayo hayanuki yanapotoka; harufu huja pale bakteria wanaoishi kwenye ngozi wanapoyala. Rangi ya manjano kwa kawaida huanza wakati protini na mafuta hayo yanapokutana na chumvi za alumini, ambazo ndizo kiungo kinachofanya kazi katika vizuia jasho vya kupaka, viwe vya krimu, vya fimbo au vya kuviringisha ambavyo vijana huviita rolioni. Vitu hivyo huungana, huingia kati ya nyuzi, na kila vinapopata joto huzidi kung'ang'ania. Shabu, ambayo bibi zetu wa pwani waliisugua kwapani baada ya kuoga, nayo ina alumini ndani yake, kwa hiyo anayeitumia asidhani kwamba nguo yake imesalimika kwa kuwa ile ni dawa ya asili.

Dukani bidhaa za namna mbili hukaa kwenye rafu moja na wateja huziita kwa jina moja. Deodoranti hupambana na harufu tu, wakati kizuia jasho huziba kwa muda vitundu vinavyotoa jasho, na tofauti hiyo huonekana kwa kusoma kama alumini imetajwa miongoni mwa viungo vilivyoandikwa kwenye chupa. Mtu ambaye shida yake ni harufu, wala si wingi wa jasho, anatosheka na deodoranti isiyo na alumini, na madoa mengi ya manjano yatamwepuka. Anayehitaji kizuia jasho hana sababu ya kukiacha, ila ajue wakati wa kukitumia. Sisi hukipaka asubuhi tukitoka bafuni, mwili ungali na maji, kisha tunavaa shati papo hapo na kukimbilia kituo cha daladala. Dawa iliyokusudiwa kuingia kwenye ngozi inaishia kwenye kitambaa. Ipakwe usiku, tena kidogo, kwenye kwapa lililokaushwa vizuri, kwa kuwa mtu anapolala jasho hupungua na dawa hupata nafasi ya kushika. Asubuhi anaoga kama kawaida, na kinga ile haiondoki na maji ya kuoga, hivyo shati huvaliwa juu ya ngozi isiyo na dawa mbichi. Katika yote ninayoyaandika humu, msomaji akichukua moja tu ningependa achukue hili, kwa sababu halimgharimu hata senti.

Sasa nije kwenye jiki, jina ambalo tumelizoea kwa dawa yoyote ya klorini ya kung'arisha nguo. Nilipokuwa mwalimu mpya nilikuwa na blauzi mbili nyeupe, na nilipoona manjano kwapani nililoweka moja katika jiki kali usiku kucha. Asubuhi doa lilikuwa limekolea kuliko jana yake, na baada ya kufua mara chache kitambaa kilichanika pale pale kwapani nilipokuwa nikiandika ubaoni. Nililia siku ile, kwa kuwa mshahara ulikuwa mbali. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba klorini ikikutana na protini ya jasho huigeuza iwe ya manjano zaidi, huku ikiudhoofisha uzi wa pamba. Pasi ya moto juu ya doa humalizia kazi, kwa kuwa joto huikaza protini kwenye uzi kama yai linavyokaza kikaangoni, na maji ya moto ya kufulia hufanya vivyo hivyo. Binti yule alikuwa akitia jiki na kupiga pasi kila usiku, kwa bidii na kwa nia njema, na shati likawa linaharibika zaidi kwa kadiri alivyolihangaikia.

Shati lenye jasho lisitupwe kwenye kapu likasubiri Jumamosi. Ligeuzwe ndani nje jioni ile ile, kwapa lake lisuuzwe kwa maji ya baridi, kisha lipakwe sabuni ya mche na kufikichwa taratibu kwa vidole kabla ya kufuliwa lote. Brashi ngumu hukata nyuzi, kwa hiyo ibaki kwa ajili ya viatu. Doa likiwa changa, kuliloweka kwa nusu saa katika siki nyeupe iliyochanganywa na maji mara mbili yake kunatosha mara nyingi. Kwa doa lililokomaa kwenye nguo nyeupe ya pamba, mimi hutumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile inayouzwa katika maduka ya dawa kwa kusafishia vidonda, vijiko vinne vikubwa, pamoja na vijiko viwili vya bekingi soda, siyo bekingi pauda, na sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo. Mchanganyiko huo unapakwa kwenye doa, unaachwa kwa muda wa saa moja hivi, kisha nguo inasuuzwa na kufuliwa. Usiwekwe kwenye hariri wala sufi, na nguo ya rangi ijaribiwe kwanza kwenye pindo la ndani lisiloonekana. Kabla ya kupiga pasi, mtu atazame kwapa kwenye mwanga, na kama kivuli cha manjano kingalipo arudie kuloweka, kwani akishakipitisha chini ya pasi kukitoa kutakuwa kazi kubwa mno.

Hapa naomba nisisitize jambo la usalama, kwa sababu nimeona akina mama wakichanganya kila walichonacho katika beseni moja kwa kutumaini kwamba nguvu zitajumlishwa. Jiki haichanganywi kamwe na siki, ndimu, wala kitu chochote chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu, na bafu zetu nyingi ni finyu na hazina dirisha la kutosha. Peroksaidi na siki nazo zisikae katika chombo kimoja. Anayetaka kutumia vyote viwili atumie kimoja, asuuze kwa maji mengi, kisha kingine.

Kuzuia doa ni jambo moja, na kuficha ubichi wa jasho mchana wa Januari ni jingine, hasa huku kwetu ambako hewa ina unyevu mwingi na jasho halikauki upesi. Rangi ya kijivu na ya samawati iliyofifia ndizo zinazoonyesha ubichi kuliko zote. Nyeupe na bluu iliyokolea huuficha vizuri, nyeusi pia, ingawa nyeusi huonyesha mistari ya chumvi na alama nyeupe za deodoranti. Kitenge chenye maua mengi huficha karibu kila kitu. Poliesta hainywi jasho, hulibakiza kwenye ngozi, na hushika mafuta ya mwili kiasi kwamba harufu hurudi mara nguo inapopata joto, hata kama imefuliwa. Pamba na kitani hunywa jasho na kupitisha hewa. Fulana nyepesi ya pamba yenye mikono, ivaliwe ndani ya shati, hulipokea jasho kabla halijafika nje, na fulana ni rahisi kuloweka na kubadilisha kuliko shati. Wengine huikwepa kwa kudhani itawaongezea joto, nami nawashauri waijaribu kwa wiki moja wajionee.

Ningependa mafundi cherehani nao wasome barua hii. Mafundi wa kanzu tangu zamani huweka kwapani kipande kiitwacho kikwapa, ambacho huupa mkono nafasi ya kunyanyuka bila nguo kugandamana na mwili. Siku hizi blauzi za ofisini hukatwa tundu la mkono likiwa finyu, likabana kwapa, kisha zinawekwa bitana ya nailoni ndani, na mvaaji anatota kabla hajafika kazini. Fundi akiongeza sentimita mbili kwenye tundu la mkono na kutumia bitana ya pamba, mteja wake atapumua. Tena tuurudishe ule ustadi wa kushona vifuniko vidogo vya kwapani, vyenye umbo la mwezi mchanga, kutokana na fulana kuukuu zilizokunjwa mara mbili. Hushikizwa kwa mishono michache au vifungo vya kubana, hutolewa jioni na kufuliwa peke yake, na blauzi nzuri hudumu miaka. Niliwafundisha wasichana kuvishona darasani, na baadhi yao, ambao sasa ni watu wazima, huniambia wangali wakivishona.

Kuna kundi moja ambalo sauti yake haisikiki, nalo ni wanafunzi wa sekondari, ambao wengi wao huvaa mashati meupe na kuwa na mawili tu kwa wiki nzima. Wanafika umri wa kubalehe, tezi nilizozitaja zinaanza kazi, na hakuna mtu mzima anayewaeleza kinachotokea. Msichana wa miaka 14 hubana mikono yake mbavuni siku nzima na haiinui kujibu swali, mwalimu akadhani hajui. Dakika kumi za mwalimu wa malezi mwanzoni mwa muhula, akieleza jasho ni nini na shati linafuliwaje, zingewatoa katika mateso hayo, na ukaguzi wa usafi ungefanywa kwa faragha badala ya mstarini mbele ya wenzao.

Kwa waajiri nina ombi. Mnaochagua sare za poliesta za mikono mirefu na tai kwa watumishi wanaopanda daladala mbili kabla ya kufika kazini, mnawapa mzigo kisha mnawalaumu kwa kuubeba. Mwaka 2005 serikali ya Japani, nchi yenye kiangazi cha joto na unyevu, ilianzisha kampeni ya kuwahimiza wafanyakazi wa ofisini waache koti na tai katika miezi ya joto, na kazi zikaendelea kama kawaida. Sisi wenyewe tulikuwa na Kaunda suti, vazi la heshima la mikono mifupi lisilohitaji tai, na nilisikitika Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya alipoliweka miongoni mwa mavazi yasiyoruhusiwa bungeni. Sare ikishonwa kwa pamba, ikawa na mkono mfupi, na mtumishi akapewa mashati matatu badala ya mawili ili moja lipate muda wa kuloweka, malalamiko mengi ya usafi yatakwisha.

Wapo pia wanaotoka jasho jingi kupita kiasi bila joto wala kazi nzito, viganjani, miguuni na kwapani, na hao waende kumwona daktari, kwa kuwa hali hiyo inatambulika kitabibu na ina matibabu. Jasho linaloloanisha shuka usiku, likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi na kupungua uzito, halihusiani na ufuaji. Mwenye dalili hizo akapimwe kifua kikuu mapema.

Shati la binti yule nililoweka mara tatu kwa siku tatu. Kwapa la kulia limetakata kabisa, na la kushoto limebaki na kivuli ambacho hakionekani ila mkono ukiinuliwa juu. Sehemu iliyolika nimeitia kiraka kwa ndani kwa kitambaa cha pamba. Amerudi kazini, anapaka dawa yake usiku, anavaa fulana ndani, na chupa ya jiki ameiacha kwa ajili ya kusafishia choo. Ameniruhusu niandike habari zake bila jina, na kwa idhini yake namwomba msimamizi wake, kama anasoma gazeti hili, amwite faraghani na kumtaka radhi.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu wa Sayansi Kimu,
Tanga