Hakuna mtoto aliyejizaa mwenyewe

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu ndugu yangu wa Makambako ambaye barua yake mliitoa wiki mbili zilizopita, yule aliyesema mtu asiyeweza kutaja siku aliyookoka basi huyo bado hajazaliwa mara ya pili hata kama ameimba kwaya miaka 40. Ile barua nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikasirika, ya pili nikalia maana ilinirudisha kwenye msiba wa wifi yangu, ya tatu ndo nikasema hapana, ngoja niandike. Mi sio mchungaji wala sijakaa chuo cha Biblia, ila nimekuwa mkunga miaka 31 huku Rungwe na habari za kuzaliwa nazijua kwa mikono yangu.

Wifi yangu alikuwa Mmoravian, yani wa lile kanisa la Kiprotestanti la Moravian, kabatizwa mtoto mchanga, kapata kipaimara, kafunga ndoa kanisani, akafa hivohivo Mmoravian. Siku ya kumzika akasimama mhubiri mmoja kijana, simtaji na wala si wa kanisa letu, alipewa dakika tano za salamu, akasema mbele ya jeneza na watoto wake wamekaa pale mbele kwamba mama huyu alikuwa na dini lakini kama aliokoka hatuna uhakika. Mvua inanyesha ile ya kwetu isiyokoma, watu wamejibana chini ya turubai na wengine kwenye migomba, na kitinda mimba wake akageuka akaniangalia usoni kama vile mimi ndo nina jibu. Huyu mama alilea watoto wanne wa jirani yake waliobaki yatima, akawasomesha kwa kuuza ndizi, wawili kati yao ndo walikuwa wamebeba lile jeneza. Sikuweza kusema kitu siku ile. Nasema leo.

Tuiangalie Yohana 3 yenyewe, maana wote tunaitaja ila wengi tunaikatisha katikati. Nikodemo anamjia Yesu usiku, Farisayo, mkuu wa Wayahudi, mwalimu wa Israeli, mtu wa dini kabisa, anaambiwa "Mtu asipozaliwa mara ya pili, hawezi kuuona ufalme wa Mungu." Yeye akakimbilia tumbo la mama, mtu mzima ataingiaje tena akazaliwe. Sasa mchungaji wetu mmoja aliyesomea Kigiriki alitufundisha kitu ambacho sijakisahau, kwamba neno lililotumika pale ni anothen na lina maana mbili, tena, na pia kutoka juu. Ndo neno hilohilo Mathayo analitumia akisema pazia la hekalu lilipasuka toka juu hata chini, na hukohuko Yohana 3 ukishuka mstari wa 31 unalikuta, "yeye ajaye kutoka juu". Nikodemo alisikia ile ya mara ya pili tu, akaanza kuhesabu, ya kwanza ya pili. Yesu alikuwa anamwambia jambo linatoka wapi. Na naona mpaka leo wengi wetu tumebaki hapohapo na Nikodemo tunahesabu, lini, mara ngapi, kwenye mkutano wa nani, nani alikuombea.

Ndugu yangu wa Makambako, umewahi kuona mtoto anazaliwa? Mimi katika miaka yote hiyo sijaona hata mmoja aliyeamua kuzaliwa. Uchungu ni wa mama, damu ni ya mama, jasho ni la mama, mtoto yeye anapokelewa. Kuna mmoja simsahau, alfajiri, umeme umekatika, mwenzangu kashika tochi ya simu, mtoto akatoka kimya, rangi ya bluu, amelegea kama kitambaa kilicholowa. Nikamkausha haraka kwa kitenge cha mama yake, nikamsugua mgongo, hakuna kitu, nikachukua ambu, kile kifuko cha kumpulizia mtu hewa kwa mkono, nikampa hewa, kifua kikanyanyuka kikashuka, nikampa tena na tena, mpaka akakunja uso akavuta mwenyewe halafu akalia kile kilio ambacho mkunga yeyote akikisikia miguu inaisha nguvu. Ile pumzi ya kwanza hakutoka nayo tumboni, ilitoka nje yake ikamkuta. Na ndipo baadae nikaja kujua kwamba kwenye Kigiriki cha Yohana upepo, pumzi na Roho ni neno moja, pneuma, yani Yesu anaposema "Upepo huvuma upendako, na sauti yake waisikia, lakini hujui unakotoka wala unakokwenda" anamsemea Roho kwa neno lilelile. Hujui unakotoka. Kama hujui unakotoka hiyo saa kamili utaijuaje?

Mama yangu mzazi hajui tarehe aliyozaliwa, kwenye kitambulisho cha taifa waliandika ya kukadiria, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kwa kukosa tarehe basi hajazaliwa, yupo anakula, analima, anatugombeza.

Sipingi wenye tarehe, wapo, na wengine ni watu wakubwa. John Wesley, yule mwanzilishi wa Wamethodisti, alikuwa tayari padri wa Kianglikana, akaenda mpaka Georgia huko Amerika kuhubiri, na mwaka 1736 akiwa melini kuelekea huko dhoruba ikapiga, Waingereza wanapiga kelele, Wamoravian waliokuwa nao mle wakaendelea kuimba zaburi yao, akajua hawa wana kitu mi sina. Miaka miwili baadae, tarehe 24 Mei 1738, saa tatu kasorobo usiku, kwenye mkutano mtaa wa Aldersgate pale London, mtu anasoma maneno ya Martin Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha Ulutheri, kuhusu waraka kwa Warumi, akasikia moyo wake umepata joto la ajabu, akaandika mpaka saa. Hao Wamoravian ndo haohao ambao wenzao walikuja kufika kwetu Rungwe mwaka 1891. Kwahiyo habari ya moyo kupata joto sio ngeni kwetu, tusifundishwe kama vile imeletwa juzi na spika za mikutano. Lakini Wesley kuwa na saa yake haina maana kila mtu awe nayo. Wifi yangu alikua ndani ya neema kama mtu anavyokua nyumbani kwao.

Na hapa niseme pia kwa upande wetu tunaobatiza watoto, Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana, tusijifiche kwenye cheti cha ubatizo. Yesu alisema kwa maji na kwa Roho, na Tito 3:5 inataja kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili na kufanywa upya na Roho Mtakatifu, vyote viko pamoja. Katekisimo Ndogo ya Luther, kile kitabu chake kifupi cha mafundisho, inafundisha kwamba mtu wa kale anatakiwa azamishwe kila siku kwa toba, kila siku jamani, sio ile siku moja ulilia kwenye maji ya baridi mikononi mwa mchungaji. Mtoto nikishampokea akavuta pumzi kazi haijaisha, asiponyonya wiki hiyohiyo tunampeleka kaburini. Wapo waliobatizwa wakaachwa bila kunyonya, hilo tukiri.

Ila alama ya kuwa mtu amezaliwa ni nini? Nitatoa mfano wa viazi maana mi nalima kidogo. Kuna mnunuzi alikuwa anakuja kwetu na Fuso, nyimbo za injili zinasikika kabla gari halijaonekana, anashuka na Bwana asifiwe, anatusimulia alivyookoka mwaka gani mwezi gani, halafu anatoa magunia yake na vijana wanaanza kushona lumbesa, gunia linavimba juu kama mimba ya miezi tisa, linapita zile kilo 100 za sheria kwa mbali, na bei anatoa ya gunia moja. Mjane mmoja jirani yangu alimwambia baba hilo ni gunia na nusu, akajibiwa mama mshukuru Mungu soko lipo. Sasa huyu tarehe anayo. Wale Walokole wa mwanzo, yani waliookoka, wa uamsho ulioanzia huko Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukafika kwetu kupitia Bukoba, walikuwa wakiguswa wanaanza kwa kurudisha vitu vya watu walivyoiba na kuomba msamaha hadharani, kama Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne, na wengi walibaki kwenye makanisa yao walimobatizwa. Yohana kwenye waraka wake wa kwanza ameandika "kila mtu atendaye haki amezaliwa na yeye", na tena kwamba tunajua tumepita kutoka mautini kuingia uzimani kwa maana twawapenda ndugu. Hakuandika kwa maana tunaikumbuka siku.

Namalizia na Nikodemo kwasababu barua ya ndugu yangu ilimwacha gizani usiku ule. Yohana hasemi popote kwamba Nikodemo alinyoosha mkono akatamka sala. Sura ya 7 anawauliza Mafarisayo wenzake kama sheria inamhukumu mtu kabla hajasikilizwa, wanamkejeli. Sura ya 19 Yesu amekufa, wanafunzi wengi wamekimbia, na Nikodemo anakuja amebeba manemane na udi kama ratili mia, hiyo ni kama kilo 33, anaenda kumfunga sanda maiti ambaye wengi hawakutaka kuonekana naye. Namuuliza ndugu yangu, huyu mzee alizaliwa lini, usiku ule wa maswali, siku aliyowauliza wakuu, au akiwa na ule mzigo begani? Na kitinda mimba wa wifi yangu, kama unasoma hili gazeti, swali uliloniuliza kwa macho siku ile ndo hili nalijibu, mama yako alikuwa amebeba mzigo.

Mkunga mstaafu,
Tukuyu, Mbeya