Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Moshi: hatuombi lami, tunaomba mbao za kuvukia mifereji

Mheshimiwa DC shikamoo, au kama umri wako uko chini ya wangu basi habari za kazi, manake siku hizi wakuu wa wilaya wengine ni vijana kabisa na sitaki kumzeesha mtu bure.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Majengo. Naziba pancha, nanyoosha rimu, na zikija baiskeli za gia za mtumba nauza. Nakuandikia kuhusu zile njia za pembeni ya mifereji ya umwagiliaji kule bondeni, kuanzia Mabogini mpaka Chekereni. Najua mezani kwako kuna mafaili mazito kuliko hili, lakini hili ni dogo na linawezekana ndo maana nimelichukua mimi, makubwa yana watu wake.

Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza tunatoka kama watu nane hivi na baiskeli. Usifikirie wale vijana wa helmeti wanaoshuka na mabonde ya Marangu kama wamekatika breki, hapana, sisi ni watu wazima tuna vitambi, yupo mwalimu mstaafu, yupo mama anauza nyanya Mbuyuni, na yupo shangazi yangu ambaye daktari alimwambia magoti yake asiyachoshe ila asiyakalishe pia, sasa ukimuuliza mtu wa Moshi atafanyia wapi mazoezi ya hivyo wakati mji wote umekaa kwenye mteremko, ukitoka nyumbani unashuka na ukirudi unapanda na pembeni bodaboda anakupigia honi, utakuta mtu anaacha siku ya pili tu.

Bondeni ni kitu kingine asee. Tunapita kwanza msitu wa Rau, asubuhi ile jua halijaingia vizuri, kuna mvule mkubwa pale ukisimama chini yake shingo inauma kuangalia juu, kuna miti ya msoo, mbega wanaruka juu yako na mikia yao meupe. Mara msitu unakatika ghafla na unatokea kwenye majaruba ya mpunga, kijani mpaka macho yanakosa pa kushika, na ukigeuka nyuma Mlima Kilimanjaro huo umejianika wote kabla mawingu hayajaja kuufunika saa 3. Mimi nimezaliwa hapa na bado nasimama kila Jumapili kuuangalia kama mgeni.

Afu tunashika njia ya mfereji. Kitu ambacho watu hawakiwazi ni kwamba njia ya mfereji lazima iwe laini kwa miguu, kwasababu maji hayapandi kilima, aliyechimba ilibidi afuate usawa wa ardhi ashushe kidogo kidogo ili maji yatembee bila kukata udongo, sasa baiskeli ikifuata maji nayo inatembea hivyo hivyo, hupandi hushuki, unapiga pedeli na kupiga stori. Wazee wetu wa Kichaga huko juu walilijua hili kwenye mifongo, yani mifereji yao ya asili, zamani sana bila pima maji wala nini. Ila mifongo ya juu njia yake ni ya mguu mmoja, huku mgomba huku korongo, hata mimi pale nashuka nakokota. Hii ya bondeni, ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, ni tofauti, ilijengwa kwa fedha za Japani ikakamilika 1987, hekta kama 2,300 na karibu nusu yake za mpunga, maji ya mto Njoro na mto Rau yakapigiwa mifereji ya zege, na pembeni ikaachwa njia ya kupita mitambo na watu wa kufanya usafi. Kwahiyo njia ipo, Mheshimiwa. Hakuna wa kufidiwa wala wa kuhamishwa.

Tatizo ni pale mfereji mdogo unapokata njia kwenda mashambani. Kila mita mia kadhaa unakutana na kitu kama hicho, zamani pengi palikuwa na mbao au kipande cha zege cha kuvukia, leo sehemu nyingi mbao zimeoza au zimetembea zenyewe usiku zikaenda kupikia maharage, ukiwa na bahati unakuta gogo moja la mkaratusi. Mwaka jana mwezi wa sita nikajifanya mimi ndo fundi najua balansi, nikasema sishuki, nikapita juu ya gogo na baiskeli chini ya makalio. Nilienda nayo mpaka katikati. Mama mmoja alikuwa anapandikiza pale karibu, akacheka kwanza mpaka akakaa kwenye tuta, ndo akaja kunivuta, na mpaka leo tukipita ananiuliza "baba, leo hauogi?" Mimi niliumia heshima tu na simu ikafa. Lakini kule hawapiti watu wa Jumapili peke yao, mkulima anapita na gunia la mpunga kwenye keria, watoto wanapita kwenda shule na baiskeli ya baba ambayo miguu haifiki chini, na rimu zilizopinda kwa kuangukia kwenye vijifereji hivyo naletewa mimi kila wiki. Kibiashara ningenyamaza, sio?

Tunachoomba ni mbao. Mbao mbili nene zilizobanwa pamoja kwa boliti, upana wa kupita mtu na baiskeli yake, basi. Tuliwahi kuhesabu kwa macho tukapata vivuko 14 vibaya kwenye kipande tunachopita sisi, inawezekana mlolongo wote ni zaidi. Kupiga boliti nitapiga mimi bure pamoja na vijana wangu wawili, spana zipo. Ila hatuwezi kwenda kushika mfereji wa watu bila baraka ya ofisi, na hapa nikueleze kwanini.

Maji kule ni kitu cha moto. Mradi ulipoanza mpunga ulilipa, watu wa juu ya mto wakaona, nao wakafungua mashamba yao wakachota maji kabla hayajafika chini, na maji ni yale yale, kwahiyo wa chini wanalala macho kusubiri zamu. Sasa mtu wa zamu akiona mgeni kasimama karibu na geti la maji hamuulizi anaitwa nani, anajua amekuja kuiba maji. Tumeshafukuzwa mara mbili na siwalaumu hata kidogo. Baadae tulienda kukaa na wazee wa pale tukaongea, wakatuelewa, saivi tukiona tuta limebomoka au geti limeachwa wazi tunapiga simu, na kuna asubuhi moja mwalimu wetu mstaafu ndo aliyeona maji yanakimbilia barabarani badala ya shambani. Wakulima wenyewe wameshakubali mbao, wanasema hata wao wamechoka kuruka. Wanachotaka ni wewe na watu wa umwagiliaji mseme ndiyo ili kesho asije mtu kuuliza nani kawapa ruhusa.

La pili ni malori ya mchanga. Hayo yakipita kwenye tuta la mfereji tuta linalika na zege linapasuka, mvua za masika zikija udongo ule mweusi unageuka ugali, ukiingia nao kwenye tairi hautoki mpaka ukae chini na kijiti. Na mchanga wenyewe unachimbwa ukingoni mwa mto kabisa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto hairuhusiwi shughuli ya kudumu au ya kuharibu mazingira, sasa sijui kuna shughuli gani ya kuharibu kuliko kuhamisha ukingo wenyewe na lori. Baiskeli inapita inaacha mstari, jioni umeshafutika. Nguzo mbili za zege zikisimamishwa mwanzo wa njia, zikaachana upana wa kupita guta na pikipiki, lori halipiti, na siku ya mtambo wa usafi nguzo moja iwe ya kung'oa, ufunguo akae nao mtu wa skimu.

Naomba pia jambo moja kwa upole. Barua ikikufika kusitokee mtu akasema tulete mradi, tuweke lami, kibao cha uzinduzi na geti la kukata tiketi. Lami kule jua litaipasua, pikipiki zitakimbia, na shangazi hatarudi tena. Wazungu wanaoletwa na waongoza watalii wa mjini waendelee kuchangia kijijini kama wazee wa kijiji watakavyopanga, hilo ni lao, ila mwenye shamba asije akadaiwa tiketi kwenye njia ya shambani kwake.

Jumapili yoyote ukiwa na nafasi karibu Mheshimiwa, tunatokea hapa kwangu saa 12 na nusu asubuhi. Nitakuandalia baiskeli ya gia, kiti nitakishusha, na pampu na viraka nabeba mimi manake mbigili za kule hazijui cheo. Maji ya kunywa beba yako, na ukichafuka usinawe kwenye mfereji, kuna kichocho. Kurudi ni kupanda kidogo lakini tunapumzika Njoro, hakuna anayemcheka mtu.

Suruali nyeupe tu ndo usivae.

Wako,
Fundi baiskeli, Majengo, Moshi