Barua kwa mwanangu: rili ya kurushia chambo kizito

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, anakusalimu sana, na anauliza kama lile koti la baridi limekukaa vizuri.

Ujumbe wako umenifurahisha mno. Unataka rili yako mwenyewe, kile kifaa cha kwenye fimbo kinachokunja mshipi, ya kuvulia samaki mkubwa aitwaye maski, kabla msimu haujafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Juni, na unauliza kama ile ndogo unayovulia samaki wa besi itafaa. Haifai, mama. Acha nikueleze kwa nini, maana dukani watakuonyesha mambo mengi yanayong'aa, na mimi nataka uyaangalie mengine.

Chambo cha besi kina gramu 10, labda 20. Double Cowgirl, ile ya kuvulia maski yenye visahani viwili vya bati na mkia wa nyuzi zinazometameta, inapita gramu 80. Pounder Bull Dawg, ya mpira, ina pauni nzima, karibu gramu 450. Halafu uzito wa hewani ni nusu tu ya kazi. Visahani hivyo, vya ukubwa wa namba 10, vikianza kuzunguka majini, maji yanakataa, na ukinzani wote huo unapita kwenye mshipi, unaingia kwenye gia za rili, unaishia kwenye kiwiko na bega lako. Watu wa majimbo ya Minnesota na Wisconsin, Marekani, humwita maski samaki wa marusho elfu kumi. Basi hesabu mwenyewe: rili yako itavuta chambo kuanzia alfajiri hadi magharibi, na samaki itamvuta kwa dakika chache, siku atakapokubali. Kwa hiyo rili inunue kwa ajili ya chambo, si samaki. Ikiweza kuvuta chambo kutwa nzima, samaki itamweza.

Sasa gia. Kwenye boksi utaona 5.3:1, au 6, au 8. Hiyo ni idadi ya mizunguko ya spuli, ile pipa ndogo inayokunjiwa mshipi, kwa kila mzunguko mmoja wa hendeli. Tuseme spuli iliyojaa ina mzingo wa sentimita 12. Kwa gia ya 6:1 unavuta sentimita 72 kila ukizungusha mara moja. Kwa 8:1 unavuta 96. Wauzaji wanaipenda 8:1, na ina kazi yake kweli: chambo cha mpira unakivuta kwa fimbo, kisha unakusanya haraka ule mshipi uliolegea. Lakini ukiifungia visahani vikubwa, ni kama kupandisha gari mlimani kwa gia ya nne. Watakuambia zungusha polepole tu. Ni kweli, kasi itapungua, lakini ule uzito mkononi hautaondoka. Wewe unainua wagonjwa zamu nzima hospitalini, bega lako nalijali kuliko chambo chochote. Kwa rili ya kwanza chukua ya 6:1 au chini kidogo. Ya kasi utaongeza baadaye, ukishajua unapenda kuvua vipi.

Ukubwa nao usiuonee huruma. Hizi rili za umbo la chini huitwa kwa namba, 300 au 400, ingawa namba za kampuni moja hazilingani sawasawa na za nyingine. Wengi watakuambia 300 yatosha kwa sababu maski hakimbii mbali kama samaki wa baharini, na hapo wana haki. Mimi nataka 400 kwa sababu ya upana wa spuli. Ukirusha mbali, mshipi mwingi umetoka, spuli imepungua, na ule mzingo wa sentimita 12 unaweza kushuka hadi 9. Kwa gia ileile sasa unavuta 54 badala ya 72, na samaki akifuata ukiwa mbali, chambo kinazubaa. Spuli kubwa haipungui sana. Pia gia za ndani ni nene. Tranx 400 ya Shimano na Lexa 400 ya Daiwa zote zishike mkononi kabla ya kuamua, maana kiganja chako si kikubwa, na rili usiyoweza kuikumbatia itakuchosha hata ikiwa nzuri namna gani.

Idadi ya beringi isikutie tamaa. Uliza gia zimetengenezwa kwa nini. Shaba nyeupe ni nzito lakini hudumu. Halafu shika hendeli uisukume nyuma kwa nguvu: isirudi hata kidogo. Beringi inayoizuia ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu ukishtua ndoana kubwa dhidi ya mfupa wa taya, mshindo wote inaubeba yenyewe. Hendeli iwe ndefu, yenye vishikio vinene. Novemba ukiwa na glavu utaniombea dua.

Wewe ni wa mkono wa kushoto, na hapa una bahati. Rili ya hendeli ya kulia, ambayo kila duka linayo, itakuachia mkono wenye nguvu kwenye fimbo. Utauhitaji kando ya boti, pale unapochora nane majini kwa ncha ya fimbo, kwa sababu maski hufuata mpaka miguuni pako na wengi huuma hapo hapo. Usiache kuchora nane hata kama hukuona kitu.

Ukipata Ambassadeur 6500 ya mviringo iliyotumika, ile ya Abu kutoka Uswidi, usiidharau. Ni nzito, lakini inafunguka kwa bisibisi na vipuri vyake vinapatikana. Zungusha hendeli na usikilize kama kuna kitu kinachosaga. Tazama kile kipande kinachotembea kushoto na kulia kikipanga mshipi: kikikwama mwisho wa safari yake, iache.

Mshipi uwe wa kusuka, wenye nguvu ya kubeba pauni 80. Maski hana uzito huo. Rekodi ya Minnesota, ya mwaka 1957, ni pauni 54. Unene huo ni wa siku mshipi utakapotatana kwenye spuli katikati ya rusho. Chambo kizito kikisimamishwa ghafla hewani hukata mshipi mwembamba, nacho huruka peke yake kikiwa na ndoana zake kubwa, na huenda mtu amesimama mbele. Kabla ya kufunga wa kusuka, tangulizia mizunguko michache ya mshipi wa nailoni, la sivyo ule wa kusuka utateleza kwenye spuli, nawe utadhani dragi, yaani breki ya rili, imeharibika.

Jambo jingine linalonifanya nisisitize rili yenye nguvu ni samaki mwenyewe. Katika maziwa ya ndani ya Minnesota huruhusiwi kumchukua maski asiyefika inchi 54, kama sentimita 137, na karibu kila mvuvi wa maski humrudisha hata anayefika. Ukimvuta upesi anarudi majini akiwa na pumzi. Maji yakifika nyuzi 27 za selsiasi, usiende kabisa, hata kama umeshachukua likizo. Maji ya moto humwua baada ya kumwachia, na wewe hutaona.

Wavu wa mpira na koleo ndefu usinunue, nitakuletea vyangu nikija Duluth. Rili ukishaichagua nitumie picha ya upande wa gia kabla hujalipa, hata iwe usiku.

Mungu akulinde.

Baba yako