Barua ya wazi kwa Gavana wa Kilifi: Mtoto wa Panga ya Saidi na wazee wetu wa kaya

Mheshimiwa Gavana,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu wa historia katika kaunti yako, na nakuandikia kuhusu ule ukanda wa mawe ya chokaa unaoanzia pande za Kambe, ukapita vilima vya Dzitsoni na kuendelea hadi Jaribuni.

Ukanda huo unatafutwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza anataka simiti. Wa pili anataka kujua binadamu wa kale waliishije kwenye pwani hii. Wote wawili wanafuata chokaa. Sehemu nyingi za pwani mfupa ukizikwa huliwa na udongo, usibaki hata unga. Ndani ya mapango ya chokaa mfupa hudumu. Jiwe lile lile linalopasuliwa na kupakiwa kwenye malori ndilo lililotuhifadhia Mtoto.

Wewe jina hilo unalijua, ila barua hii itasomwa na wengine pia, kwa hiyo niruhusu nieleze. Pango la Panga ya Saidi liko kama kilomita 15 kutoka baharini. Watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walianza kuchimba humo mwaka 2010. Mwaka 2013 wakaona vipande vya mfupa. Mwaka 2017 shimo lenyewe likafunuliwa, kama mita 3 chini ya sakafu ya pango, na mifupa iliyokuwamo ilikuwa imelainika kiasi kwamba kila ilipoguswa ilitaka kuvunjika. Wakaacha kuitoa mmoja mmoja. Walilifunika bonge zima la udongo kwa plasta, wakalipeleka Nairobi, kisha Burgos, Hispania, kwenye kituo kinachochunguza mabaki ya binadamu. Mei 2021 matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature: mtoto wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Hakuna kaburi la binadamu wa aina yetu lililo kongwe zaidi ya hilo linalojulikana barani Afrika.

Naomba uitazame kazi hiyo kwa karibu, kwa sababu ombi langu linatoka humo. Waliojua kwamba kiumbe huyu ni binadamu kama sisi ni wataalamu wa meno. Waliojua umri wa kaburi ni wataalamu wa mchanga: punje iliyofukiwa gizani hujikusanyia nishati kutoka mnururisho wa asili wa udongo, na ikimulikwa maabara hutoa mwanga unaoeleza ililiona jua mara ya mwisho lini. Wataalamu wa kemia ya udongo ndio waliothibitisha kwamba mwili ulioza pale pale, haukuburutwa na fisi. Waliokuwa na kompyuta za kupiga picha ndani ya bonge walimwona amelazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mtulinga na mbavu za juu vilikuwa vimebanwa kwa namna inayoonyesha kwamba alivingirishwa kitu, labda majani makubwa au ngozi. Kichwa kilikuwa kimeporomoka kidogo, kama kichwa kilichowekewa mto ambao baadaye ulioza.

Mtu alimwekea mtoto huyo mto, Mheshimiwa. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu watu wa fani mbalimbali waliketi pamoja na kila mmoja akasema anachokijua. Mtaalamu mmoja peke yake angeona mifupa tu.

Kaburi lenyewe ni ukurasa mmoja. Pango zima ni kumbukumbu ya mazingira, tabaka juu ya tabaka, kutoka miaka hiyo 78,000 hadi karibu na siku zetu. Mifupa ya wanyama waliowindwa na kemia ya meno yao vinaeleza walikula nini, na kwa hivyo nje ya pango kulimea nini. Wakati sehemu nyingine za Afrika zilipopigwa na ukame mkali, hapa palibaki unyevu, msitu na nyika vikiwa bega kwa bega. Kama miaka 74,000 iliyopita mlima wa Toba kule Sumatra ulilipuka, na wapo wanaosema mlipuko ule ulikaribia kuwamaliza binadamu duniani. Ndani ya Panga ya Saidi hakuna dalili kwamba maisha yalikatika. Watu waliendelea kuchonga mawe, na kadiri muda ulivyokwenda zana zao zikawa ndogo na nyembamba zaidi. Walivaa shanga za makombe ya bahari zaidi ya miaka 60,000 iliyopita, ingawa chakula cha baharini hawakukitegemea. Walikuwa watu wa msitu wanaoishi jirani na bahari. Ukiuliza ni kwa nini waliweza kudumu pale penye wengine kushindwa, jibu linaelekea kuwa ni huo mchanganyiko wa msitu na nyika.

Sasa, msitu huo wa pwani umebaki vipande. Na vingi kati ya vipande vilivyonusurika katika nchi yetu ni kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, jamii za pwani hii kama Wachonyi na Wagiriama.

Hapo ndipo wazee wanapoingia, na ndipo ninapoona utafiti wetu una pengo. Watafiti wa mimea waliozunguka kaya miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 walikuta humo miti isiyopatikana kwingine, na mwaka 1992 Makavazi yakaanzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani. UNESCO iliziandika kaya za Wamijikenda katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mwaka uliofuata ikaziandika mila zake pia, lakini katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka. Orodha hizo mbili zinatakiwa kusomwa pamoja. Msitu umebaki kwa sababu kuna mtu anayekwambia uvue kofia, ufunge kaniki kiunoni, usikate hata ufito, na ukitoka usibebe kitu. Mtu huyo akiondoka, ua wa seng'enge hauwezi kufanya kazi yake.

Na wazee wetu wanaondoka vibaya. Unajua kuliko mimi ni wazee wangapi wa kaunti hii wamekatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, mara nyingi na watu wa nyumbani mwao wanaomezea mate shamba. Unajua kwamba Kaya Godoma kule Ganze imelazimika kuwa kimbilio la wazee wanaotafutwa kuuawa. Nimefundisha vijana ambao wanaamini kwamba mvi ni ushahidi. Kila mzee anayekufa hivyo ni mauaji, na hilo latosha kuwa la aibu. Lakini pia anakwenda na majina ya miti, njia za zamani za maji, habari za nani alizikwa pango gani na kwa nini halichimbwi. Tunaleta mashine za mamilioni kuusikiliza udongo, huku anayeweza kuuelezea anajificha.

Sidai kwamba Mtoto ni babu wa Mchonyi au Mgiriama. Masimulizi yetu wenyewe yanasema tulitoka Shungwaya, nchi ya kaskazini, na miaka 78,000 ni mingi mno kwa ukoo wowote kuidai peke yake. Ninachodai ni kwamba ardhi ile ilipofika mikononi mwa wazee wetu waliitunza kama mahali patakatifu, na kwa sababu hiyo watafiti walikuta kitu cha kuchimba. Mwenye kutunza ana haki ya kuulizwa kabla, siyo kualikwa kwenye picha baada.

Kuna waliokwisha kulifanya jambo hili. Australia, mwaka 1968, ziwa kavu la Mungo lilitoa mifupa ya mwanamke, na mwaka 1974 ya mwanamume, wote wa miaka kama 40,000 iliyopita. Ilibebwa bila ridhaa ya wenyeji. Mwanamke alirudishwa kwa watu wa asili wa pale mwaka 1992, mwanamume mwaka 2017, na iliwachukua miaka mingine mitano ya mabishano kabla ya kuzikwa. Mwaka huo huo wa 2017 nchi hiyo ilianzisha kituo cha utafiti, makao yake Chuo Kikuu cha Wollongong, kilichowaweka pamoja wanajiolojia, wataalamu wa viumbe, wa vinasaba na wa mambo ya kale, wakifanya kazi na jamii za asili katika kuieleza historia ya bara lao. Hapa hapa Afrika, Wasani, wenyeji wa asili wa kusini mwa bara, walitangaza mwaka 2017 kanuni zao wenyewe ambazo kila mtafiti anayewajia lazima azikubali. Sisi tunasubiri nini?

Nguvu unazo. Leseni ya kuchimba mawe hutolewa Nairobi chini ya Sheria ya Madini ya 2016, na katika mrabaha asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti na 10 ya jamii. Lakini mpango wa matumizi ya ardhi ya kaunti ni kazi ya serikali yako. Makumbusho yametajwa katika Katiba kati ya kazi za kaunti. Kifungu cha 63 kinayatambua maeneo matakatifu kuwa sehemu ya ardhi ya jamii. Na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inaitaka kaunti iwe na rejista ya maarifa hayo.

Ombi langu kubwa ni kwamba ukanda wote wa chokaa uwekwe katika mpango huo kama eneo la urithi, siyo pango moja lenye kibao cha bati mlangoni. Sisemi matimbo yote yafungwe. Nina wanafunzi wanaolipiwa karo na kazi ya timbo, na sitaki mtu alale njaa kwa ajili ya mifupa. Nasema kabla baruti mpya haijatiwa mahali popote kwenye ukanda, kwanza paingie kikosi kimoja: mtu wa mambo ya kale, wa mimea, wa maji ya chini ya ardhi na wazee wa kaya ya mahali hapo, nao wazee wawe na kura, na walipwe kama wataalamu wengine wanavyolipwa. Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapa Kilifi, kina vijana wa kutosha. Wao ndio wangeandika rejista, wakiwahoji wazee kwa Kichonyi, Kikauma, Kigiriama, na kila mzee anayesajiliwa kuwa mwenye maarifa ya kaya ajulikane kwa chifu na kwa polisi kuwa mtu anayelindwa na kaunti.

Kuhusu Mtoto mwenyewe, nafasi yake ya mwisho iamuliwe na Makavazi pamoja na wazee. Wakisema azikwe, azikwe. Wakisema ahifadhiwe, sawa. Wakati huo mfano wake uliotengenezwa kwa vipimo kamili uwekwe Kilifi, na maelezo yawe kwa Kiswahili na lugha za Mijikenda. Vigango vyetu, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vilivyoibwa vilikaa miongo mingi Marekani vikiitwa sanaa. Jumba la makumbusho la Denver pekee lilikuwa na 30, vikarejea nchini mwaka 2019. Vilipokuwa huko walioviona walidhani ni mapambo, hawakujua ni wafu wa watu waliosimamishiwa heshima. Mifupa ya mtoto ikikosa sauti ya nyumbani itaelezwa vivyo hivyo.

Jambo moja nakusihi ulikatae hata likiletwa na mwekezaji mwenye fedha nyingi: ngazi za zege na taa za rangi ndani ya Panga ya Saidi. Taa huotesha mwani wa kijani kwenye kuta, na miguu ya watu huvunja tabaka ambazo hazijachimbwa bado. Afadhali wanafunzi wangu wasiingie kabisa.

Vikao vya umma vya bajeti ya kaunti huitishwa kila mwaka. Nitafika na nakala ya barua hii, pamoja na wazee watakaokubali kusafiri. Naomba siku hiyo ofisi yako iwe na jibu kuhusu ukanda wa chokaa, na jina la afisa atakayetuonyesha ramani.

Wako katika kuijenga Kilifi,
Mwalimu wa historia