Kiatu nakivaa, lakini pikipiki usiuze

Mhariri,

Mpwa wangu aliyeko Tanga amenitumia picha ya ukurasa wenu wa biashara, ule uliowashauri wasomaji wanunue hisa za kampuni za nje ambazo bidhaa zake wanaziona kila siku. Mfano uliotolewa ni Crocs, kampuni ya Marekani ya viatu vyepesi vyenye matundu, ambavyo kwetu vile vya kuigiza tumezoea kuviita yeboyebo. Chini ya picha aliandika: "Shangazi, si ndivyo hivi unavyovaa kazini? Nauza pikipiki niingie." Niliusoma ujumbe huo saa kumi alfajiri, katikati ya shifti, na viatu vyenyewe vikiwa miguuni. Nimeona nimjibu kupitia kwenu, maana najua hayuko peke yake.

Mimi ni mtunza wazee hapa Aurora, jimbo la Colorado. Makao makuu ya Crocs yako Broomfield, chini ya saa moja kwa gari kutoka ninapokaa. Naingia kazini saa moja usiku, natoka saa moja asubuhi, na kwa muda wote huo nimesimama. Kiatu hiki hakinyonyi maji. Kikimwagikiwa na kitu unakiweka chini ya bomba, unakifuta, unaendelea. Jozi yangu ya sasa ina miaka mitatu na soli imelika upande wa kisigino cha kulia tu, kwa sababu ndio mguu ninaouegemea ninapomgeuza mgonjwa kitandani. Kwa hiyo mtu asidhani nakibeza kiatu. Nakipenda sana.

Lakini kabla ya kuja huku nilikuwa nauza viatu vya mtumba, na ninapoitazama kampuni ya viatu swali langu la kwanza ni lile lile la siku zote: mzigo uliolala stoo ni kiasi gani?

Kampuni hii ilianza hapa Colorado mwaka 2002. Jozi 200 za kwanza zilipelekwa kwenye maonyesho ya boti kule Fort Lauderdale, Florida, zikaisha zote. Februari 2006 ikaingia Nasdaq, soko la hisa la Marekani, kwa dola 21 hisa moja. Mwaka uliofuata kila hisa iligawanywa kuwa mbili, na bado ilipofika Oktoba 2007 hisa moja ilikuwa karibu dola 75. Novemba 2008 hisa hiyo hiyo ilikuwa inauzwa kama dola moja.

Wasomaji wenzangu, hapa ndipo pa kutulia. Mauzo ya mwaka 2007 yalikuwa kama dola milioni 847, na ya mwaka 2008 kama milioni 722. Yalishuka, ndiyo, lakini kwa asilimia 15 tu. Viatu bado vilikuwa kila mahali, na aliyehesabu miguu ya watu barabarani asingeona msiba wowote. Hisa ilianguka zaidi ya asilimia 98. Mwaka ule dunia nzima ilikuwa na msukosuko wa fedha, hilo kweli, ila kampuni hii ilikuwa na donda lake. Mwisho wa 2006 mzigo wa stoo ulikuwa wa dola milioni 86 hivi. Mwisho wa 2007 ulikuwa umefika karibu milioni 250. Walitengeneza kana kwamba kila mtu atanunua jozi nyingine mwaka ujao. Kiatu kisichochakaa haraka hakina mnunuzi wa haraka. Mwaka 2008 wakafunga hesabu kwa hasara ya dola milioni 185.

Wakajirekebisha, tena vizuri. Walifunga viwanda vyao wenyewe, kazi ya kutengeneza wakawaachia wenye viwanda wa Vietnam, China na kwingineko Asia, wakapunguza aina za viatu na kurudi kwenye kile cha matundu kilichowapa jina. Vile vipambo vidogo vya kuchomeka kwenye matundu, Jibbitz, navyo vinaingiza fedha nzuri. Mwaka 2024 mauzo yote yalifika dola bilioni 4.1, na katika kila dola 100 walizouza, ukitoa gharama ya mzigo wenyewe, walibakiwa na karibu 59. Muulize muuza viatu yeyote kama amewahi kuona faida ghafi ya namna hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ukurasa wenu haukuligusa kabisa, nalo ndilo kubwa. Desemba 2021 Crocs ilitangaza kununua kampuni nyingine ya viatu, HEYDUDE, kwa dola bilioni 2.5. Hivi ni viatu vyepesi vya kitambaa, asili yake Italia. Siku ya tangazo wenye hisa walichukia, bei ikashuka. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya mkopo. Ununuzi ukakamilika Februari 2022, maduka ya jumla yakajaziwa mzigo, na kwenye vitabu mauzo yakapendeza. Mtu aliyewahi kuuza jumla anajua siri iliyopo hapo: kiatu kikishatoka kwako kwenda kwa mwenye duka, wewe umeshaandika mauzo, hata kama kwake kinakaa rafuni mwaka mzima. Mwaka 2024 mauzo ya HEYDUDE yalishuka kutoka dola milioni 949 hadi 824. Kisha, katika ripoti ya robo ya pili ya 2025 iliyotoka Agosti, kampuni ikaandika kwamba thamani ya HEYDUDE imepungua kwa dola milioni 737. Robo hiyo iliishia na hasara ya dola milioni 492, na hisa ikaanguka karibu asilimia 30 kwa siku moja.

Mpwa wangu aliniuliza, "Kwani hizo fedha zimeibwa?" Hazijaibwa. Nimweleze kwa gunia.

Mwaka 2011, pale Tanga, nilinunua gunia la viatu vya mtumba kwa fedha za kukopa. Tulilifungua sebuleni mimi na mdogo wangu, tukavipanga viatu sakafuni kutoka ukutani hadi mlangoni, kila kimoja tukikitafutia mwenzake. Kumi na saba havikuwa na wenzao. Kimoja kilikuwa cha ngozi nyekundu, cha mguu wa kushoto, kizuri ajabu. Niliviweka chini ya kitanda miezi minne nikitumaini gunia lijalo litaleta wenzake. Siku niliyovitoa nje nikavitupa ndiyo siku niliyoandika hasara kwenye daftari, lakini fedha ilikuwa imeshatoka tangu siku nilipomlipa mwenye gunia.

Hizo dola milioni 737 ndivyo zilivyo. Fedha ilitoka Februari 2022. Agosti 2025 kilichotokea ni kuandika daftarini. Kwa hiyo hasara ile haimaanishi kampuni imekaukiwa. Mwaka 2024 shughuli zake ziliingiza karibu dola milioni 990 taslimu, na deni limekuwa likilipwa, mpaka mwisho wa mwaka huo likabaki kama bilioni 1.35. Kinachoniuma ni kwamba viongozi waliokuwa na gari zima walikwenda kukopa wakanunua la pili lenye injini mbovu, na anayelipia ni mwenye hisa.

Baada ya anguko hilo bei ilikuwa kama dola 75. Mwaka 2024 kila hisa ilipata faida ya dola 15.88. Ukigawa bei kwa faida hiyo unapata chini ya tano, yaani hisa inaonekana ya bei ya chini mno, na najua vijana wengi wataishia kwenye hesabu hiyo. Lakini hiyo 15.88 ilipandishwa na nafuu ya kodi. Kampuni yenyewe, ikiweka kando mambo ya mara moja, ilitaja 13.17. Halafu mwaka 2025 ushuru mpya wa serikali ya Marekani uliangukia bidhaa za kutoka Vietnam na jirani zake, huko huko viatu vinakotengenezwa. Na kwenye robo ile ya pili mauzo ya chapa ya Crocs yalishuka Amerika Kaskazini kwa zaidi ya asilimia 6, ingawa nje yalipanda karibu asilimia 18. Soko linapotoa bei ndogo hivyo huwa linaogopa kwamba 2008 itajirudia. Mimi siamini itajirudia kwa ukali ule, maana safari hii kampuni yenyewe ilisema Agosti 2025 kwamba inapunguza oda na punguzo la bei kabla mzigo haujalala. Hilo ndilo lililonishawishi.

Kikundi chetu cha akina mama hapa Aurora kimenunua hisa nne, kwa fedha ambayo hakuna mtoto anayeisubiri kwa ada. Na tumeelewana kwamba hatutapata gawio, yaani mgao wa faida kwa wenye hisa. Ndugu zetu waliozoea hisa za benki pale Dar es Salaam husubiri gawio kila mwaka. Crocs haina desturi hiyo. Fedha inayobaki hulipia deni na kununua hisa zake yenyewe, hivyo utakachopata ni bei ikipanda, basi.

Mwanangu, pikipiki inakuletea hela kila jioni, kwa shilingi, bila kusubiri New York ifungue. Usiiuze. Ukijaliwa akiba nyingine, nunua hisa moja, uanze kusoma ripoti zao kila baada ya miezi mitatu, na uanzie kwenye mstari wa mzigo wa stoo.

Nawe Mhariri, nakuomba: mwandishi wenu anapopendekeza hisa ya nje, aweke deni na mzigo ulioko stoo kando ya bei. Ni mistari miwili tu ya gazeti.

Msomaji wenu,
Aurora, Colorado