Barua ya malalamiko: cheti cha maji ya shule kisicho na kipimo cha floraidi

Kamati ya Shule ya Msingi,
Wilaya ya Arumeru,
Mkoa wa Arusha.

Meneja,
Kampuni iliyotufungia mtambo wa kuchuja maji,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: MTAMBO USIOONDOA FLORAIDI NA VYETI VISIVYOIPIMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mtambo wenu tuliununua kwa sababu moja. Maji ya kisima chetu, kama maji mengi ya miteremko ya Mlima Meru, yana floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa. Tope hatukuwa nalo, wala kipindupindu. Mkataba unaitaja floraidi kwa jina, na unasema mtapima maji kila miezi mitatu, mtabadilisha mkaa wa mifupa unaonasa floraidi mtamboni ukichoka, na mtatuletea cheti cha maabara.

Vyeti mmeleta, na vyote vina muhuri. Cha mwisho kinaonyesha bakteria wa kinyesi sifuri katika mililita 100, pH 7.4, tope chini ya kiwango, na chini kabisa kimeandikwa "Yanafaa kwa kunywa". Kwenye mstari wa floraidi kuna kistari tu. Tulipofungua faili na kusoma kimoja kimoja, tulikuta kistari hicho hicho kwenye kila cheti, isipokuwa kile cha siku ya makabidhiano. Kitu tulichowalipa mkiondoe ndicho ambacho hamkukipima.

Kwa michango ya wazazi tukapeleka sampuli mbili maabara mjini Arusha. Maji ya kisimani yalikuwa na miligramu 6.1 za floraidi kwa lita. Yale ya kwenye koki wanayonywea watoto, yaliyokwisha kupita kwenye mtambo wenu, yalikuwa na 5.7. Kiwango cha juu cha Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Fundi wenu alitujibu kwa simu kwamba vijijini inaruhusiwa hadi 4. Hicho ni kiwango cha zamani, kama kile cha 8 kilichokitangulia, na hata kwa hicho maji haya yamefeli.

Nyinyi ni wataalamu, mnajua kwamba mkaa ukishajaa floraidi hauwezi kuchukua nyingine. Maji yanaendelea kutoka maangavu, ladha ileile, na hakuna mwalimu wala mpishi anayeweza kugundua kwa jicho au kwa ulimi. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki na kukolea. Kwa hiyo bila kipimo hatuna kinga yoyote. Alipokuja mara ya mwisho, fundi wenu alifungua mfuniko, akakoroga juu juu kwa mpini wa jembe, akaosha tangi kwa nje, kisha akabandika karatasi mpya ya kijani yenye maneno "Maji Salama". Mkaa hakuubadilisha.

Karatasi hiyo ndiyo inayotuuma zaidi. Kabla ya mtambo, mpishi wetu alikuwa akipika uji kwa maji ya mvua kutoka tangi la bati, ambayo kwa kawaida hayana shida hii. Baada ya kuambiwa maji ya koki ni salama, akaacha. Kwa hiyo watoto wakawa wanayapata mara mbili, kwenye kikombe na kwenye uji.

Watoto wa awali na darasa la kwanza bado meno yao ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi. Floraidi wanayokunywa leo itaonekana meno yakishaota, kwa madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki unaoyatoa. Na wakinywa kwa miaka mingi, mifupa nayo inaweza kuharibika. Sisi wazazi tuna meno hayo. Watoto wetu wakubwa wanaziba mdomo kwa mkono wakicheka mbele ya wageni. Tuliuza mahindi na ndizi kuchangia mtambo huu ili wadogo zao wasipitie hayo.

Koki tumeifunga kwa waya na karatasi yenu tumeibandua. Tunataka mbadilishe mkaa wote, kisha maji yapimwe floraidi kabla na baada ya mtambo, sampuli zikichukuliwa mbele ya mjumbe wa kamati na kupelekwa maabara tutakayoichagua sisi. Mpaka majibu hayo yatoke, mtuletee maji ya kunywa kwa gharama zenu. Fedha tulizolipia matengenezo na vipimo ambavyo havikufanyika zirudi kwenye akaunti ya shule. Pia mtueleze kwa maandishi nani aliamua floraidi isipimwe, na kama shule nyingine mlizozifungia mitambo zina vyeti vya namna hii. Kama zipo, zijulisheni leo, msisubiri kumalizana na sisi.

Tunasubiri jibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Tusipolipata, tutapeleka mkataba, vyeti na majibu ya maabara kwenye Tume ya Ushindani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenyekiti,
Kny. Kamati ya Shule

Nakala:
Mwalimu Mkuu
Afisa Mtendaji wa Kijiji
Afisa Elimu Kata
Meneja wa Wakala wa Maji Vijijini (RUWASA) Wilaya